Kwa Nini Shabu Hutuliza Tope la Mto

Mvua ndefu zikianza, mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya hubadilika rangi. Rupingazi unaopita karibu na mji wa Embu, Thuchi, Nithi, Mutonga, na Kathita unaopita Meru, yote huonekana kama chai ya maziwa. Mama hurudi kutoka mtoni na mtungi wa lita 20, akauweka jikoni. Asubuhi akitazama huona mchanga umetua chini, lakini maji ya juu bado ni mekundu. Hungoja siku ya pili, bado. Siku ya tatu, bado. Kisha jirani huja na kipande cheupe cha shabu, akatia kidogo tu, akakoroga, na baada ya muda mfupi maji huanza kung'aa.

Watu wengine hudhani kwamba shabu ina nguvu ya ajabu, na wengine huiogopa kabisa. Yote mawili si sawa. Shabu hufanya kazi yake kwa sababu inayoeleweka, na mtu akiielewa sababu hiyo ataitumia vizuri, hataharibu fedha yake, wala hatajidanganya kwamba maji meupe ni maji salama. Tena sababu hiyo hiyo itamfundisha jambo kubwa juu ya udongo wa shamba lake. Basi soma pole pole, na ukipata nafasi fanya majaribio tunayoeleza hapa chini.

CHEMBE NDOGO ZISIZOTAKA KUTUA

Tope la mto si kitu kimoja. Ndani yake mna mchanga, mna vumbi laini, na mna chembe za udongo wa mfinyanzi. Hutofautiana kwa ukubwa, na ukubwa ndio unaoamua zitatua upesi au la.

Chembe ya mchanga laini yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hushuka mita moja katika maji yaliyotulia kwa muda wa dakika 2 hivi. Chembe ya udongo yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita huchukua karibu siku 13 kushuka mita hiyo hiyo. Na chembe iliyo ndogo mara kumi kuliko hiyo itachukua zaidi ya miaka 3, kama maji hayatatikiswa hata kidogo. Lakini maji hayakosi kutikisika. Chembe ndogo namna hiyo husukumwa huku na huku na maji yenyewe, hata haina nafasi ya kutua.

Kitu kilichotawanyika majini kwa chembe ndogo hivi, kisiyeyuke kama sukari wala kisitue kama mchanga, wataalamu hukiita koloidi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1861 na Thomas Graham, mtaalamu wa kemia kutoka Scotland, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Maziwa ni koloidi. Wino ni koloidi. Na maji mekundu ya Rupingazi wakati wa mvua ni koloidi pia.

KWA NINI HAZISHIKAMANI

Sasa utauliza: chembe hizi ni nyingi mno, na kila mara zinagongana. Mbona hazishikamani zikawa madonge, zikawa nzito, zikatua?

Jibu ni umeme. Kila chembe ya udongo wa mfinyanzi ina umeme mdogo juu ya uso wake, nao ni umeme hasi. Watoto wa shule wanajua kwamba umeme wa namna mbili tofauti huvutana, lakini umeme wa namna moja husukumana. Kwa kuwa chembe zote zina umeme hasi, kila moja humsukuma mwenzake kabla hawajagusana. Ni kama umati wa watu sokoni ambao kila mmoja amenyosha viwiko vyake nje. Watasongana, lakini hawatakumbatiana.

Hata hivyo kuna nguvu nyingine. Chembe mbili zikikaribiana sana, huvutana kwa nguvu ya asili iliyomo katika vitu vyote. Nguvu hiyo hufanya kazi kwa karibu mno tu. Basi shida yetu ni moja: tupate njia ya kuvishusha vile viwiko, ili chembe zikaribiane kiasi cha kushikana. Zikishikana, kazi imekwisha, maana donge lenye chembe maelfu hutua upesi.

KAZI YA CHUMVI

Njia hiyo ni chumvi. Hatusemi chumvi ya chakula peke yake. Katika kemia chumvi ni nyingi, na shabu ni mojawapo. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika vipande vidogo vyenye umeme, vingine chanya na vingine hasi. Vipande hivyo huitwa ioni, na kitu kinachogawanyika hivyo huitwa elektroliti.

Ioni zenye umeme chanya huvutwa na ule umeme hasi wa chembe za udongo. Huzizunguka chembe, nyingine huganda juu yake kabisa, na hivyo hufunika umeme wake. Sasa chembe mbili zikigongana hazisukumani tena kama kwanza. Hushikana. Ya tatu huja, na ya nne, mpaka donge linaonekana kwa macho kama kipande kidogo cha pamba majini.

Lakini chumvi zote hazina nguvu sawa. Jambo hili lilichunguzwa na Hans Schulze wa Ujerumani mwaka 1882, na William Hardy wa Uingereza akalithibitisha mwaka 1900. Waliona kwamba linalotawala ni idadi ya umeme katika kila ioni. Chumvi ya chakula hutoa ioni za sodiamu, ambazo kila moja ina umeme chanya mmoja. Chumvi ya haluli hutoa ioni za magnesi, zenye umeme chanya mbili, na chokaa hutoa ioni za kalsi zenye mbili vile vile. Shabu hutoa ioni za alumini, zenye umeme chanya tatu.

Mtu angedhani kwamba tatu ina nguvu mara tatu tu kuliko moja. Sivyo. Kwa hesabu ya wataalamu, ioni ya umeme mbili ina nguvu ya kugandisha kama mara 60 kuliko ile ya umeme mmoja, na ioni ya umeme tatu hufika karibu mara 700. Ndiyo maana shabu kidogo sana hutosha, ambapo chumvi ya chakula ingetakiwa nyingi hata maji yasinyweke.

Tena shabu ina kazi ya pili. Alumini ikikutana na maji ya kawaida hufanya kitu laini chenye utando, mfano wa uji mwepesi. Utando huo ukishuka hukusanya chembe zilizobaki njiani, kama wavu unaovuta dagaa.

JARIBIO LA CHUPA NNE

Usituamini kwa maneno tu. Chukua chupa nne nyeupe za lita moja moja, uzijaze maji ya mto yenye tope, yaliyokwisha kukaa saa moja ili mchanga utue. Chupa ya kwanza usitie kitu. Ya pili tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya chakula. Ya tatu tia chumvi ya haluli, sehemu moja ya nane ya kijiko. Ya nne tia kijiko kimoja cha maji ya shabu, yaliyotengenezwa kama tutakavyoeleza. Koroga kila chupa, kisha uziache zikae pamoja juu ya meza.

Chupa ya nne, yenye shabu kidogo kuliko vyote, ndiyo kwa kawaida hung'aa kwanza. Zile za pili na tatu hufuata, na ya kwanza hubaki nyuma. Muda wake hutegemea udongo wa mahali penu. Watoto wa shule watafurahi kuliona jambo hili, lakini wasinywe maji ya chupa hizo.

NAMNA YA KUTUMIA SHABU NYUMBANI

Kosa la watu wengi ni kutia shabu kwa kukisia, kipande kizima ndani ya mtungi. Fanya hivi:

1. Nunua shabu inayouzwa kwa kusafishia maji ya kunywa. Nunua gramu 100, uisage iwe unga, kisha ugawe mafungu kumi yaliyo sawa. Kila fungu ni gramu 10.

2. Yeyusha fungu moja katika lita moja ya maji safi, ndani ya chupa ya kioo au ya plastiki. Andika juu yake SHABU, uiweke mahali ambapo watoto hawafiki. Kijiko kimoja cha chai cha maji haya kina shabu miligramu 50 hivi.

3. Tafuta kipimo cha maji ya siku hiyo. Jaza chupa nne za lita moja maji yako ya tope. Tia ya kwanza nusu kijiko, ya pili kijiko kimoja, ya tatu kimoja na nusu, ya nne viwili. Koroga, kisha ungoje nusu saa. Chagua ile yenye maji meupe kwa shabu iliyo ndogo kabisa.

4. Zidisha kwa lita ulizo nazo. Ikiwa kijiko kimoja kimetosha lita moja, mtungi wa lita 20 wataka vijiko 20, ndiyo mililita 100.

5. Tia huku ukikoroga kwa nguvu kwa dakika moja, ili shabu ienee kote. Kisha koroga pole pole kwa dakika 5 mpaka 10, ili madonge yakue. Ukikoroga kwa nguvu wakati huu utayavunja.

6. Acha maji yatulie saa moja au zaidi. Mimina maji ya juu katika chombo kingine safi kwa kupitisha katika kitambaa safi, bila kutikisa mashapo ya chini. Mashapo uyamwage mbali na mto na kisima.

Je, ukizidisha shabu? Hapo utaona ajabu. Ioni chanya zikizidi mno, chembe za udongo zinaweza kugeuka, zikawa na umeme chanya zote, zikaanza kusukumana tena! Maji yatabaki na ukungu, na tena yatakuwa machachu. Dawa ikipita kiasi huharibu kazi ya dawa.

Mara nyingine shabu haifanyi kazi hata kwa kipimo kizuri. Huenda sababu ni uchachu wa maji. Shabu yenyewe huongeza uchachu, na maji ya mito ya mlimani hayana chokaa nyingi ya kuupinga. Mitambo ya kusafishia maji ya miji huongeza chokaa au magadi yaliyosafishwa ili kurekebisha jambo hilo. Ukipatwa na shida hii nyumbani, usiongeze shabu tu. Muulize Bwana Afya.

MAJI MEUPE SI MAJI SALAMA

Neno hili tunaomba lisomwe mara mbili. Shabu huondoa tope, na pamoja na tope huondoa sehemu ya viini vya maradhi vilivyonata juu yake. Lakini haiviui vyote. Viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara havionekani kwa macho, na vinaweza kuwamo katika maji yanayong'aa kama kioo. Hapana budi maji hayo yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa.

Faida ya kuondoa tope kwanza ni kubwa, kwa maana tope hula klorini na kuvificha viini. Kwa hiyo kuna pakiti zilizotengenezwa zenye chumvi ya chuma ya kugandisha tope pamoja na klorini ya kuua viini. Pakiti moja ya gramu 4 husafisha lita 10. Ioni ya chuma hiyo nayo ina umeme tatu, kama alumini. Pakiti hizo zilijaribiwa katika vijiji vya magharibi ya Kenya ambako maji yana tope, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba jamaa waliozitumia walipungukiwa na maradhi ya kuhara.

Kwa wale wanaokaa katika nchi ya joto huko chini, Mbeere na Tharaka, upo pia mti wa mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Mbegu zake zikimenywa na kusagwa hugandisha tope, kwa sababu zina protini yenye umeme chanya. Wanawake wa Sudan wametumia mbegu za namna hii tangu zamani kusafisha maji ya Nile. Lakini maji hayo yasiwekwe zaidi ya siku moja, maana mabaki ya mbegu huoza. Nayo pia yachemshwe.

Neno moja kwa mwenye kupiga dawa ya magugu. Dawa ya glifosati huharibiwa na tope, na huharibiwa pia na alumini. Basi usiichanganye na maji ya mto yenye tope, wala usiichanganye na maji yaliyotiwa shabu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora.

SHERIA HIYO HIYO SHAMBANI

Sasa tutazame udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa miteremko ya Meru na Embu, unaootesha kahawa na chai, una chuma na alumini kwa wingi. Hizi ndizo zinazoshikamanisha chembe zake zikawa punje punje. Ndiyo maana udongo huu mzuri hunywa maji upesi na mizizi hupenya chini sana. Shabu ya asili, kwa mfano wa maneno, imo tayari shambani mwako.

Sodiamu hufanya kinyume. Ikiwa sodiamu imetawala katika udongo, na maji ya mvua yasiyo na chumvi yakinyesha juu yake, umeme wake mmoja hauna nguvu ya kuzishika chembe. Udongo hutawanyika, matundu yake huziba, na jua likiwaka uso hukauka kama saruji. Jambo hili hutokea zaidi katika nchi kavu, na mahali panapomwagiliwa kwa maji yenye magadi.

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua punje kavu ya udongo, kama punje ya mahindi, uidondoshe taratibu katika glasi ya maji ya mvua. Usitikise. Tazama baada ya saa mbili. Punje ikibaki nzima, udongo wako una afya. Ikibomoka lakini maji yakabaki meupe, udongo wataka samadi na mboji. Lakini ukiona wingu kama maziwa likizunguka punje, chembe zinatawanyika. Hapo chukua udongo ukapimwe, nawe umwulize Bwana Shamba. Huenda atakuambia utie jasi, ambayo hutoa kalsi yenye umeme mbili kuifukuza sodiamu, pamoja na samadi kwa wingi.

TOPE LAKO LINAKWENDA WAPI

Mkulima mmoja anaweza kusema: ikiwa udongo wetu mwekundu hushikamana vizuri, mbona mto una tope? Kwa sababu matone ya mvua kubwa huupiga udongo ulio wazi mpaka punje zinavunjika, na mteremko huuchukua. Gundi ya chuma na alumini ni nzuri, lakini haishindi mvua ya Aprili juu ya shamba lisilo na nyasi wala matuta.

Udongo huo huingia katika Mto Tana. Sehemu yake, hasa iliyo nzito, hutua nyuma ya mabwawa ya umeme, kama Kindaruma la mwaka 1968 na Masinga lililomalizika mwaka 1981, na kupunguza nafasi ya maji. Chembe laini kabisa husafiri hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini, mto ukiwa umekwenda kama kilomita 1000. Huko hukutana na maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita. Na sasa wajua kitakachotokea. Chumvi hiyo, ingawa nyingi yake ni ile dhaifu ya umeme mmoja, ni nyingi mno. Chembe zilizokataa kutua njia nzima hugandamana na kushuka. Hivyo ndivyo udongo wa Meru na Embu unavyosaidia kujenga ardhi ya watu wa pwani.

Watu wa pwani hawatakutumia asante, wala hawatakurudishia udongo wako. Shabu hutuliza tope lililomo mtungini. Haizuii tope kuondoka shambani. Dawa hiyo unayo mwenyewe: matuta yaliyopimwa kwa kufuata mteremko, mistari ya nyasi za nepia, majani makavu chini ya kahawa, na ukingo wa mto usiolimwa.

KUMBUKA

Pima shabu, usikisie. Koroga kwa nguvu, kisha pole pole. Mwaga mashapo mbali na maji. Chemsha au tia klorini kila mara. Na mvua zijazo zikianza, kabla hujalaumu mto kwa wekundu wake, tembea mpakani mwa shamba lako uone maji yanayotoka humo yana rangi gani.